Motokaa ya Dizeli na Kisutu Changu

Makongeni, Thika. Jumapili, 2 Machi 1958

Kitabu hiki kilikuwa cha Sele. Mwenye duka la vipuri alimpa ili aandike siku za kubadilisha oili, naye mume wangu akakitupa juu ya kabati, akisema oili ataikumbuka kichwani. Basi nimekichukua mimi, Mwanarusi, mkewe, na nitaandika habari za mke mwenza wangu. Mke mwenza huyo ana magurudumu manne na macho mawili ya kioo. Analala uani chini ya turubai jipya. Mimi nalala chini ya bati linalovuja.

Ni motokaa ya dizeli ya Kijerumani, nyeusi. Mwenyewe wa kwanza alikuwa daktari, wa pili meneja wa shamba la kahawa huko Ruiru ambaye amerudi kwao. Sasa ni ya Sele na Jeconia Omondi, jirani yetu wa mlango wa tatu. Wameinunua kwa shirika, wanaifanya teksi ya Thika na Ruiru mpaka Nairobi. Jeconia haendeshi Jumapili kwa sababu ya kanisa lake. Sele haendeshi Ijumaa mpaka atoke msikitini. Siku nyingine wanapokezana, kwa hiyo mwenye kupumzika ni dereva tu.

Jana Waweru, fundi wa magari ya petroli pale sokoni, alipita akaizunguka mara mbili. "Dizeli ni ya lori na mashine ya kusaga," akasema. "Hii haimalizi mvua ya masika. Ikimaliza, mniite mjinga."

Sele hakukasirika. "Gari la petroli ni bwana arusi," akamjibu. "Linapendeza siku ya sherehe. Dizeli ni mkulima. Mlishe, mfunike, mpe hewa safi, atakuzika wewe na mimi."

Nami moyoni nikasema, Waweru, Mungu akusikie.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeona haya ya kutosha mwaka mzima.

Awiti, mkewe Jeconia, alikuja kuomba chumvi akaketi. Huyu mwanamke nilikuwa nikimhesabu mvivu. Kutwa yuko kizingitini, miguu ameinyoosha, anatazama tu wenzake tukifua. Kumbe ana mimba, na ameambiwa asijichoshe. Kabla ya hii amezika watoto wawili, wote siku ile ile ya kuzaliwa, maana njia yake ni nyembamba. Daktari wa hospitali kubwa ya Nairobi amesema huyu wa tatu atatolewa kwa kisu. Uchungu ukianza tu, apakiwe garini apelekwe. Akichelewa Thika atampoteza mtoto, na labda na yeye mwenyewe.

Kumbe teksi ilikuwa ni kisingizio. Jeconia alitaka motokaa itakayokuwa uani siku hiyo.

"Dada," Awiti akaniuliza, "wewe unakaa karibu na hiyo gari kuliko mimi. Itafika mwezi wa tano kweli?"

Siku zote hizi nimeiombea ife.

"Itafika," nikasema, kwa sauti isiyokuwa yangu.

Mimi sina mtoto. Nimeliandika hilo mara moja na sitalirudia. Nimeolewa kitambo na hakuna aliyewahi kuniita mama, hata kwa adabu, maana majirani wanaogopa kunichoma.

Jumanne, 11 Machi

Sele amerudi kutoka Ngoliba mwekundu mpaka kope. Vumbi la huko halina huruma. Badala ya kunisalimu alifunua boneti kwanza.

Nilimpelekea maji nikasimama kumtazama, maana tangu siku ya Awiti nina hamu ya kumjua huyu mke mwenza. Juu ya injini kuna kitu kama chungu cheusi, kimeshikwa kwa pini mbili. Hilo ndilo chujio la hewa. Ndani yake mna bakuli la oili. Hewa ikiingia hupita juu ya oili hiyo, vumbi linanata, na injini inapata hewa safi. Meneja wa Ruiru alipokuwa akiwakabidhi gari aliwaachia neno moja: kinachoua dizeli ni vumbi, bakuli hili lisikauke hata siku moja. Sele na Jeconia wamelishika neno hilo kama wosia wa marehemu.

Sele alimwaga oili chafu, akalisugua bakuli kwa mchanga mpaka likang'aa, akatia mpya. "Injini ni kama mtu," akaniambia. "Itakula hata dizeli mbaya, itavumilia. Lakini ni pumzi, Mwanarusi. Izibe pua uone."

Nikamwambia hajawahi kunieleza jambo langu lolote kwa upole kama ule. Akacheka, akaendelea kusugua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetoka kufua sasa hivi, na hasira haijaisha.

Dizeli wanainunua kwa pipa huko Ruiru, na ya pipa ina maji na kutu. Kwa hiyo huichuja kwa kitambaa kabla ya kuitia tangini. Leo nilikwenda uani kuanika nguo, nikaona kitambaa chenyewe kimetandazwa juu ya faneli. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nilisimama kama niliyegandishwa. Ni kisutu changu. Kanga ya harusi yangu, aliyoinunua mama Mombasa, akanivika kwa mikono yake mwaka aliokufa.

"Sele, hiki ni nini?"

"Kitambaa."

"Cha nani?"

Alikitazama, na nikaona jinsi akili inavyomrudia kidogo kidogo. "Kilikuwa kimekunjwa tu sandukuni," akasema. "Lakini pamba yake nzito. Thika nzima hakuna kitambaa kinachozuia maji hivi. Tazama uchafu uliobaki juu."

Alinionyesha tope lile kwa fahari, maskini, akidhani nitafurahi. Sikupiga kelele. Nilikivua kwenye faneli, nikaenda kukifua. Nimekifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Kimetakata nusu, na harufu haijatoka.

Kanga huuzwa doti, mbili pamoja. Imebaki moja safi. Nimeihamishia chini ya mto wangu.

Jumapili, 16 Machi

Siongei na Sele.

Jumatatu, 17 Machi

Bado.

Jumamosi, 22 Machi

Mfungo wa kwanza. Nimemsamehe Sele kwa ajili ya Ramadhani, lakini nimemwambia msamaha huo hauhusu gari. Gari halifungi. Alfajiri Sele ameliongezea oili kabla hajapata daku yake mwenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza, na wanaume wawili wameingiwa na wazimu. Kila mmoja zamu yake ikianza anafunua boneti, anapangusa, anakaza, anatia. Leo nilimwona Jeconia na kikopo chake cha oili kwenye kile chungu cha hewa, amevaa tai yake, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Zamani nilimwona ana maringo, mtu wa kuongea Kiingereza na kuku. Leo nilipomuuliza kwa nini anatia tena na vumbi limelala, akasema, "Shemeji, hii ni ya Awiti. Sitaki kusikia ati ilikauka siku yangu."

Nimempenda kwa neno hilo.

Jumapili, 6 Aprili

Leo ni Pasaka yao. Awiti alituletea samaki wa kukaanga wakati wa futari, akaketi kula nasi. Tumbo lake sasa linaingia mlangoni kabla yake. Ananiita nyieka, ndilo neno la Kijaluo la mke mwenza, eti kwa kuwa sote wawili tumeolewa na gari moja. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Nikamuuliza jina lake lina maana gani. Laiti nisingeuliza.

"Nilitupwa," akasema, akitoa miba kwenye samaki.

Mama yake alizika watoto kabla yake. Yeye alipozaliwa nyanya yake alimfunga kitambaa, akamlaza jalalani, akaenda zake. Mama mmoja mpita njia, ambaye walikuwa wamepatana naye, akamwokota, akampeleka kwake kama mtoto asiye na mwenyewe. Baadaye wazazi wakaenda kumwomba. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa nyumba ile, hakimkuti. Msichana anaitwa Awiti, mvulana Owiti.

"Jalalani?" nikasema. "Mtoto wa siku moja?"

"Na mimi ndiye huyu," akasema, akameza tonge. "Na huyu wangu atatupwa. Jeconia hataki, anasema ni ushenzi, yeye ni mzee wa kanisa. Lakini ni yeye aliyezika wawili kwa njia ya kanisa."

Sikupata usingizi mzuri. Mwenye mtoto amtupe, na sisi tusio nao tulale tukitazama bati.

Jumatatu, 14 Aprili

Gari limeanza kuvuta sigara. Linatoa moshi wa buluu, mwembamba, hasa likipanda mlima. Waweru amesimama sokoni na kuangalia kama anayesindikiza jeneza. "Haimalizi," akasema tena.

Sele amefadhaika. Amesema injini inachoka, inahitaji kutunzwa zaidi. Ameongeza oili. Jioni Jeconia amekuja kuchukua zamu, ameona moshi, amefadhaika pia. Sikuona alichofanya, lakini kikopo chake kilirudi kitupu.

Jumatatu, 21 Aprili

Idi. Nguo mpya kwa kila mtu. Gari limepata mazulia mapya, mimi leso ya kichwa.

Jumanne, 29 Aprili

Jambo la ajabu. Sele aliingiza gari uani, akavuta kizimio, ule waya wa kuzimia injini, akashuka, akafunga mlango. Na injini ikaendelea. Ilicheua, ikanguruma kidogo, ikacheua tena, ndipo ikanyamaza. Sele alisimama na mkono kwenye mlango kama mtu aliyejibiwa na maiti.

"Umelisikia?" akaniuliza.

"Nimelisikia."

"Limekataa."

"Limechelewa tu," nikamwambia, lakini nywele zilinisimama. Mamangu angesema lina jini. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita na leo nilikaribia kusema hivyo hivyo.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Awiti amevimba miguu. Tumeanika nguo jikoni.

Jumamosi, 10 Mei

Limerudia. Safari hii liliendelea muda mrefu zaidi, na moshi ukaufunika ua mpaka kuku wakakimbia. Sele na Jeconia wamekaa juu ya boksi, kichwa kwa kichwa, kama madaktari wawili wasiojua ugonjwa na wasiotaka mgonjwa ajue.

"Labda vumbi bado limo ndani," Jeconia akasema. "Tusafishe hiyo bakuli tena."

Wakalitoa, wakalisugua kwa mchanga. Nikauliza oili hutiwa mpaka wapi. Sele akasema kuna mstari ndani ya bakuli. Akaangalia, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole. Mstari haupo. Wameusugua kwa mchanga tangu Februari mpaka umekwisha.

"Si kitu," Sele akasema. "Mkono wangu unajua."

"Na wangu unajua," akasema Jeconia.

Awiti alikuwa kizingitini. Alilitazama bakuli tu. Baadaye aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "Nyieka, na ikikataa kuwaka siku hiyo?"

Nilimwambia ya kukataa kuwaka haijatokea bado. Nilidhani namfariji.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika ya jana. Kiganja changu cha kulia kimefungwa kitambaa, mtu atakayesoma anisamehe mwandiko.

Uchungu wa Awiti ulianza jana alfajiri, kukiwa na mvua. Nilisikia Jeconia akigonga, na kabla sijafungua nilijua. Alikuwa amekwisha kuvaa suti ya kanisani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sele akakimbilia gari, akavuta turubai, akapasha injini moto kama dizeli inavyotaka kabla ya kuwashwa. Iliwaka mara moja. Nakumbuka nilisema moyoni, ahsante mke mwenza, leo umenifaa.

Wanaume wakakaa mbele, Sele kwenye usukani. Mimi nikakaa nyuma na Awiti, kichwa chake pajani mwangu. Nilikuwa na mfuko wenye chupa ya maji na vile visutu vyangu viwili, kile kilichoharibika nikidhani kitafaa kupangusia, na kile safi cha kumpokelea mtoto. Sikumwambia mtu kwamba nimekichukua kile safi. Nilikuwa na aibu ya kuonekana nataka sana.

Tukapita Kalimoni vizuri. Awiti aliuma kanga yake tu, hakulia. Tukafika Ruiru. Kabla ya daraja kulikuwa na shimo, na shimo limejaa maji, kwa hiyo Sele hakuliona. Gari lilitumbukia upande wa mbele, likainuka kwa kishindo, vichwa vyetu vikagonga paa.

Na hapo injini ikapiga kelele.

Sijui niiandikeje. Lilikimbia lenyewe. Tulivuka daraja kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na nyuma yetu kila kitu kilikuwa moshi mweupe. "Sele, punguza," Jeconia akasema, na Sele akasema, "Nimetoa mguu." Nikamwona kweli, mguu wake uko hewani. Akakanyaga klachi ili injini iachane na magurudumu, na kosa likawa hapo, maana ilipoachwa huru ilizidi kulia. Ilikuwa sauti ya mnyama. Alikanyaga breki, tukateleza, tukasimama kando ya barabara penye miti ya kahawa.

Akavuta kizimio. Hakuna. Akakivuta tena mpaka kikamtoka mkononi na waya wake. Akachomoa ufunguo. Akageuka akatuonyesha ufunguo, kama anayetuomba tumshuhudie, na injini inazidi kupanda. Uso wake ulikuwa uso wa mtu nisiyemjua.

Watu waliokuwa wakienda kanisani walikimbilia kwenye kahawa. "Itapasuka," mmoja akapiga kelele, "tokeni, itapasuka." Jeconia akafungua mlango wa nyuma akamshika Awiti mabegani amtoe nje kwenye mvua, na Awiti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siwezi. Anakuja. Nisipofika Nairobi ni kama wale wengine."

Hilo ndilo lililonitoa garini, mfuko kwapani.

Sele alikuwa amefunua boneti, anazifungua zile pini kwa kucha. Chungu cha hewa kikatoka, na oili ikamwagika kama uji uliofurika, ikamchoma mkono, akakitupa majanini. Injini haikunyamaza. Palipokuwa na chungu palibaki mdomo wa bomba, mweusi, unavuta hewa na kulia. Oili iliyokwisha kuingia ndani ilikuwa ndiyo chakula chake, injini ikiila na kutaka zaidi.

Izibe pua uone.

Sikufikiri. Ningefikiri ningekumbuka kuwa kuna kile kibovu. Mkono wangu uliingia mfukoni ukatoka na kisutu kile safi, kikalowa mvua hapo hapo, nikakikunja na kukikunja tena, nikakibandika mdomoni mwa lile bomba na kulala juu yake kwa viganja vyote viwili. Lilinivuta. Naapa lilinivuta, pamba ya harusi yangu ikaanza kumezwa, na chuma kikanichoma kiganja. Nilisikia Sele akinishika kiuno ili nisianguke. Injini ikakohoa, ikatikisika nzima na sisi nayo, ikakohoa tena, ikafa.

Kimya. Mvua juu ya boneti ikifuka mvuke. Nilikuwa nikilia bila kujua.

Jeconia alikiokota kile chungu majanini. Bado kilikuwa na oili, hata baada ya kumwagika. Alikitazama.

"Mimi nilitia jana," akasema taratibu. "Kila zamu yangu mimi hutia."

"Mimi pia," Sele akasema. "Kila zamu."

Walitazamana mvuani, wanaume wawili wazima, mmoja na suti. Moshi ule walioulilia, ugonjwa ule walioutibu kwa oili, ulikuwa ni oili iliyofurika bakulini, injini ikaivuta na kuichoma kama dizeli. Mfano wa mume wa wake wawili, kila nyumba anaandaliwa sinia na kila nyumba anaambiwa hujala. Walikuwa wakiliua kwa kulipenda, na kila mmoja akimficha mwenzake ili asionekane ana wasiwasi.

"Mtashangaa baadaye," Awiti akasema kutoka ndani.

Tulikitoa kisutu, kimechanika na cheusi. Sele akafuta bomba ndani kwa shati lake mpaka kiwiko. Vumbi halikuwapo, kulikuwa na mvua tu, kwa hiyo tungeweza kwenda bila chungu. Akaketi kwenye usukani. Alipasha injini, akasoma Bismillahi, na Jeconia kando yake akamwita Mungu kwa Kijaluo, "Nyasaye, tafadhali." Niliogopa hata kuvuta pumzi, nisije nikaipunguzia hewa.

Ikawaka. Ilitoa moshi mmoja mkubwa, ikatulia, ikaunguruma kama inavyounguruma siku zote, kana kwamba haijafanya lolote. Mke mwenza wangu. Nilitaka kumpiga na kumbusu.

Tulimfikisha Awiti mlangoni pa hospitali. Walimweka juu ya kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, tukabaki nje watatu, tunanuka dizeli.

Jumanne, 20 Mei

Hakuna habari. Jeconia amebaki Nairobi. Sele amekaa uani anaangalia gari na hajaligusa.

Jumatano, 21 Mei

Jeconia amerudi kwa basi. Aliposhuka nilimkimbilia. Alitikisa kichwa, nami nikakaa chini penye matope, nikijua kimekwisha. Kumbe alikuwa akitikisa kichwa kwa kutoamini. Mvulana. Mzima. Na mama mzima.

Nilimpiga Jeconia kofi la bega kwa mkono wangu mbovu, nikaumia, sikujali.

Alhamisi, 22 Mei

Nimetoka kumwona Awiti. Nesi wa wodi, anayeitwa Idah, ameniruhusu dakika chache tu.

Nilimweleza yote, vile bakuli lilivyojaa, vile wanaume wawili walivyokuwa wakitia kila mmoja kwa zamu yake. Nilitarajia acheke. Alijifunika shuka mpaka puani.

"Nyieka," akasema, "wao walitia wakati wa zamu. Mimi nilikuwa natia wakati wanakula."

"Ulikuwa unatia nini?"

"Oili. Ya kopo ya Jeconia. Kidogo tu, dada, lakini kila siku. Nilikuwa nikikaa pale mlangoni naona ile gari, naona kama inakauka."

Mwanamke aliyekatazwa kuinua ndoo, mwenye miguu kama mito, alikuwa akifungua boneti kila siku, na mimi jirani yake mwenye macho sikuona chochote. Nilimtazama, akanitazama, tukaanza kucheka, naye akishika mshono na kunisihi ninyamaze, mpaka Idah akaja kunitoa.

Jumamosi, 24 Mei

Nimewaambia wanaume. Sele ametia alama mpya kwenye bakuli kwa patasi, alama ambayo mchanga hautaifuta. Kisha akanipa mimi kikopo cha oili. Atakayetia ni mmoja tu, nao wamekubaliana kuwa ni mimi.

Kwa hiyo sasa namlisha mke mwenza kwa mkono wangu. Mama angeniona angekufa mara ya pili.

Waweru alipita, akaisikiliza injini ikiunguruma. "Atiriri," akashangaa kwa Kikuyu, "hii kitu bado iko?" Nilimkumbusha habari ya kumwita mjinga. Amesema tungoje mvua za vuli.

Jumapili, 1 Juni

Awiti amerudi na mtoto, na jana wamegombana na Jeconia mpaka tukasikia kwetu. Yeye anataka mtoto atupwe, Jeconia anasema mwanawe hatalazwa kwenye takataka za Makongeni na watu wa kanisa wakitazama. Leo asubuhi Awiti akaja na jibu.

"Si lazima jalala," akasema. "Mlaze garini."

"Garini kwa nini?" Jeconia akauliza.

"Hiyo gari daktari aliitupa. Mzungu wa kahawa akaitupa. Nyinyi mkaiokota, na mnaona haifi. Watu wamesema itakufa, na nyinyi wenyewe mlitaka kuiua, na haifi. Kitu ikishatupwa ikaokotwa inadumu. Mtoto wangu alale hapo."

Mzee wa kanisa akaridhia. Gari si jalala, na kwenye Biblia hakuna mahali pamekataza kulaza mtoto garini.

Kisha Awiti akanigeukia mimi, na hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku ya Ruiru.

"Wewe ndiye utapita," akasema.

Walimfunga kwenye kile kisutu kingine, kilichochuja dizeli, maana ndicho kilichobaki. Wakamlaza kiti cha nyuma, wakaacha mlango wazi, wakaenda zao bila kugeuka. Nilipita kama mtu anayetoka sokoni. Nikachungulia. Alikuwa amefumbua macho, anaangalia paa la gari kwa hasira kidogo, kama fundi.

"Pana mtoto hapa," nikasema kwa sauti, kama nilivyofundishwa. "Ni wa nani?"

"Hatumjui," Awiti akajibu kutoka mlangoni kwake. "Si wetu."

Basi nikamwinua. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Ananuka dizeli na maziwa. Nilimpeleka ndani kwangu, nikafunga mlango, nikaketi naye chini ya bati letu linalovuja, na kwa muda huo wote hakukuwa na mtu duniani aliyesema ni wake ila mimi. Nilimwambia jina lake, Owiti. Nilimwambia habari za bakuli na alama mpya, na kwamba asije akaongeza hata tone bila kuniuliza. Akalala.

Kisha nikasikia viatu vya kanisani vya Jeconia vikija polepole, na ndala za Awiti nyuma yake. Wakasimama mlangoni na kuku wa kumkombolea mtoto mkononi, kama desturi.

"Hodi," Awiti akasema. "Tumesikia mama wa nyumba hii ameokota mtoto."

Mama wa nyumba hii. Walibisha mara ya pili, na mara ya tatu, na mimi bado sikuwa nimepata sauti ya kusema karibu.